Kitalu cha Mikocheni na vibao vyenye jina la Schott

Nimekwenda mara nne katika kitalu kimoja cha maua kilichoko Mikocheni kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu sikutaka kukisifu wala kukikosoa kwa kukiona siku moja. Ukikitazama kwa nje hakina tofauti kubwa na vitalu vingine vilivyopangwa kando ya barabara za Dar es Salaam: bogenvilia zimewekwa juani, vyungu vya saruji vimepakwa rangi, rundo la samadi liko karibu na lango, na neti nyeusi ya kivuli imetandazwa juu ya nguzo za mirunda. Tofauti inaanza unapoingia chini ya neti hiyo. Kila mmea una kibao kidogo cha bati kilichochomekwa kwenye udongo, na juu yake limeandikwa jina la kisayansi la mmea pamoja na jina la mtaalamu aliyelitoa, jambo ambalo sijaliona katika kitalu kingine chochote nilichowahi kununua miche hapa jijini.

Katika safu ya kwanza nilisoma Syngonium podophyllum Schott, kisha Aglaonema commutatum Schott, kisha Dieffenbachia seguine (Jacq.) Schott, kisha Philodendron hederaceum (Jacq.) Schott. Nikamsogelea mzee anayesimamia kitalu.

"Shikamoo, mzee. Huyu Schott ndiye anayewaletea miche?"

"Marahaba, mama. Huyo alishafariki siku nyingi, hata bibi zetu hawajazaliwa. Lakini nusu ya maua yaliyoko kwenye kivuli hiki, majina yake ni kazi yake."

Akanieleza jinsi ya kukisoma kibao. Jina lililomo ndani ya mabano ni la mtaalamu aliyeutaja mmea kwanza, na jina lililo nje ya mabano ni la yule aliyeutoa katika jenasi isiyoufaa, yaani kundi la mimea inayokaribiana sana, akauweka katika jenasi yake. Pasipo mabano, mtaalamu ni mmoja tu. Maelezo hayo yalichukua dakika mbili, na tangu siku hiyo siwezi tena kupita mbele ya chungu cha maua bila kutafuta kilichoandikwa.

Heinrich Wilhelm Schott alizaliwa mwaka 1794 katika mji wa Brno, ambao siku hizi uko Jamhuri ya Cheki, na baba yake alikuwa msimamizi wa watunza bustani katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Vienna. Alikuwa mtu wa udongo na vyungu kabla hajawa mtu wa vitabu, na naamini hilo ndilo linaloipa kazi yake thamani ya pekee. Mwaka 1817 alikwenda Brazil kama mtunza bustani wa msafara wa kisayansi uliotumwa na Austria, akakaa huko hadi mwaka 1821, na katika misitu ile yenye joto na unyevu aliiona mimea ya ukoo wa magimbi, ambao wataalamu wanauita Araceae, ikipanda juu ya miti na kufunika ardhi. Aliporudi Vienna hakuiacha tena. Alipewa utunzaji wa bustani za kifalme, na mwaka 1845 akawa mkurugenzi wa bustani za Schönbrunn, ambako nyumba za vioo zilimwezesha kuichunguza mimea hiyo ikiwa hai na ikitoa maua, badala ya kutegemea majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi peke yake.

Ni muhimu kuelewa alichokuwa akikitazama, kwa sababu wateja wengi wa vitalu vyetu hununua mimea hii kwa majani yake na hawajui kwamba inatoa maua. Ua la ukoo huu halifanani na waridi. Katikati husimama kigunzi kilichojaa maua madogo mno yaliyobanana kama punje za mahindi, na kigunzi hicho huzungukwa na jani moja lililogeuka umbo, ambalo huweza kuwa jeupe, la kijani au jekundu. Lile jekundu linalong'aa la Anthurium, ambalo watu huliita ua, kumbe ni jani tu. Maua yenyewe yako kwenye kijiti kinachochomoza katikati. Schott alivitazama vitu hivyo vidogo, yaani mpangilio wa maua ya kike na ya kiume juu ya kigunzi, vyumba vya mbegu na namna mbegu zinavyokaa ndani yake, akaitenganisha mimea ambayo wenzake waliokuwa kabla yake walikuwa wameirundika pamoja kwa kufuata umbo la jani.

Mwaka 1829 alitangaza jenasi Philodendron, Dieffenbachia, Anthurium, Aglaonema na Syngonium, zote katika jarida moja la Vienna lililohusu sanaa, fasihi, maonyesho ya jukwaani na mitindo ya mavazi. Dieffenbachia aliipa jina la Joseph Dieffenbach, mtunza bustani wa Schönbrunn, na mimi nimependa sana kwamba mtu aliyekuwa akimwagilia mimea alikumbukwa kwa mmea. Mwaka 1832 zikafuata Spathiphyllum, Xanthosoma na Colocasia. Alifariki mwaka 1865. Sehemu kubwa ya mimea mikavu aliyoihifadhi iliteketea mwaka 1945 katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini michoro aliyowachorisha wasanii, inayozidi 3,000, imebaki Vienna, na wataalamu wa ukoo huu wanaitegemea hadi leo.

Hiyo Colocasia ndiyo iliyonifanya nirudi mara ya pili. Pembeni ya kitalu, karibu na tangi la maji, kuna kibao kinachosomeka Colocasia esculenta (L.) Schott, na nyuma yake yamestawi magimbi, magimbi haya haya tunayoyapika kwa nazi jioni za Ramadhani tukiandaa futari. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi ambaye ndiye "L." wa kwenye kibao, aliyaita Arum esculentum mwaka 1753. Schott ndiye aliyeyahamishia mahali yalipo sasa. Kumbe kati ya chungu cha bei kubwa kilichoko sebuleni na gimbi la sokoni kuna undugu wa karibu, na undugu huo una faida ambayo ningependa kila mzazi wa jiji hili aijue.

Miaka miwili iliyopita nilinunua Dieffenbachia kwa muuzaji mwingine, ambaye hakuniambia lolote zaidi ya kwamba "halihitaji jua." Mwanangu, akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu, alitafuna kipande cha jani. Midomo ilivimba, mate yakamtiririka, akalia kwa sauti iliyokwaruza, na ule usiku sitausahau. Alipona bila madhara. Sababu ni fuwele za kalsiamu oksaleti zilizomo ndani ya jani na shina, zenye ncha kali kama sindano, ambazo huchoma ngozi laini ya mdomo na koo. Fuwele za namna hiyo ndizo zinazofanya gimbi lisiloiva vizuri liwashe, na ndiyo maana mama zetu hutukataza kulionja kabla halijaiva. Kama muuzaji yule angeniambia tu kwamba hili ni jamii ya magimbi, nisingehitaji somo lingine. Ningeliweka juu, mbali na mtoto. Katika kitalu cha Mikocheni, kibao cha Dieffenbachia kina mstari wa ziada wenye rangi nyekundu: "Jamii ya magimbi. Inawasha. Weka mbali na watoto." Kwa mstari huo peke yake ningekipa kitalu hiki alama za juu.

Undugu huo unasaidia pia katika utunzaji. Karibu mimea yote ya safu ile asili yake ni misitu yenye kivuli, hivyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, yenye joto na unyevunyevu, inaifaa kuliko nyumba za Ulaya ambako inapendwa sana. Kinachoiumiza ni jua kali la mchana la Januari na Februari, ambalo huacha mabaka makavu kwenye majani, na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu tunayatumia bomba linapokauka. Mzee aliniuliza kwanza ninatumia maji gani kabla ya kuniuzia Spathiphyllum, nikamwambia kisima. Akanishauri nikinge maji ya mvua za vuli kwenye pipa na kuyatumia kwa mimea ya ndani peke yake. Ncha za majani zilizokuwa zikigeuka kahawia nyumbani kwangu hazijaongezeka tangu nilipoanza kufanya hivyo.

Lazima niseme na yasiyoridhisha. Kibao cha Monstera deliciosa kina jina la Schott, na hilo ni kosa: aliyeutaja mmea huo ni Liebmann, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1849, na jenasi yenyewe ilikuwapo kabla Schott hajazaliwa. Pia udongo wanaotumia kwa vyungu vikubwa una mfinyanzi mwingi. Niliponunua Aglaonema nilikuta maji yametuama chini ya chungu kwa siku tatu, nikalazimika kuuhamisha mmea na kuchanganya udongo na mchanga pamoja na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kitalu kinachojali majina kiasi hiki kinapaswa kujali mizizi vilevile. Bei hazipunguzwi hata kidogo. Aglaonema yangu ilikuwa shilingi 15,000, na Dieffenbachia za kimo cha goti ni shilingi 20,000, bei ambazo naziona za haki. Usafiri wao wa bajaji ulifika kwa wakati.

Malalamiko yangu makubwa zaidi yanahusu Zamioculcas, ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa ambao wauzaji wengi huuita kwa herufi mbili tu, ZZ. Kitalu kinauuza kwa shilingi 60,000, na kijana anayehudumia wateja alinieleza kwa fahari kwamba umetoka Uholanzi. Inawezekana kweli chungu kile kimetoka huko, kwa kuwa Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Lakini makazi yake ya asili ni Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya hadi KwaZulu-Natal, na Tanzania imo, pamoja na Zanzibar. Kibao chake kinastahili kusimuliwa vizuri kuliko vyote: Zamioculcas zamiifolia (Lodd.) Engl. Hao "Lodd." walikuwa wauza miche wa Hackney, London, yaani watu wa kazi hii hii, walioutangaza mwaka 1829 wakiuhesabu kuwa wa jenasi Caladium. Schott akaona mwaka 1856 kwamba ua lake haliruhusu hesabu hiyo, akaufungulia jenasi mpya, na katika kuipa jina akaunganisha Zamia, mmea ambao majani yake yanafanana na haya, na culcas, neno lililotokana na Kiarabu qulqas, ambalo maana yake ni magimbi. Engler, mtaalamu wa Ujerumani, akaliweka jina katika umbo lake la sasa mwaka 1905. Mmea wa kwetu, unaobeba ndani ya jina lake neno la magimbi kwa lugha ambayo pwani yetu imeizoea kwa karne nyingi, hautakiwi kuuzwa Mikocheni kama mgeni wa kutoka Uholanzi.

Nilimweleza mzee hayo, na kosa la Monstera pia. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu ya rangi akafuta jina la Schott kwenye kibao cha Monstera mbele yangu, kisha akachuma vikonyo vitatu vya ZZ kutoka mmea mama akanifungia kwenye gazeti bila kunitoza chochote. "Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, mama, halafu usivichokonoe. Vinaanza na kiazi kwanza, majani baadaye." Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Jana nilikifukua kimoja kwa kidole, kwa uangalifu, nikakuta chini yake kiazi cheupe chenye ukubwa wa punje ya kunde, nikakifunika tena.