Kujaziwa fomu ya viza Ngamiani, Tanga: duka la kwanza na la pili

Mwaka 2024 viza yangu ya matembezi ya Marekani ilikuwa imeshakwisha muda. Mume wangu yuko kule kwa ukaazi wa kudumu, wenyewe wanaita kadi ya kijani, na alikuwa ameshawasilisha I-130, fomu ya kumwombea mke. Foleni yake ndefu. Katikati ya kungoja akafanyiwa upasuaji wa goti, nikaona niombe tena viza ya muda, nikamuuguze wiki tatu nirudi dukani kwangu kwenye vitambaa.

Duka la kwanza lilikuwa karibu na soko. Kijana vidole vinaruka, shilingi 30,000, nusu saa umemaliza. Tukafika kwenye swali linalouliza kama kuna mtu amewahi kukuombea uhamiaji. Akabonyeza "hapana" wala hakuniuliza. Nikamwambia mbona mume wangu ameshaniombea. Akacheka: "Mama, ukiweka ndiyo hupati. Wote wanaweka hapana."

Sasa unamdanganya nani? Karatasi za mume wangu ziko mikononi mwa serikali hiyo hiyo, na risiti wamempa. Tena uongo kwenye fomu ya viza unaweza kukufungia mlango wa Marekani moja kwa moja, na hiyo viza ya mke ikaenda na maji. Nikamwambia asiitume. Hela yake nikamwachia, sikuwa na nguvu ya mabishano.

Duka la pili ni steshenari ndogo, ndani zaidi huko huko Ngamiani. Dada wa pale anatoza 50,000, na ni mpole mpaka inachosha: asubuhi nzima na mchana kidogo. Ila kila swali la DS-160, ndiyo fomu yenyewe ya viza ya muda, alinisomea kwa Kiswahili na kungoja jibu langu. Ile namba ya fomu inayoanza na AA00 aliiandika kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote. Nikaona mbwembwe, mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi akaingiza namba, tukaendelea pale tulipoishia.

Picha alinipiga mbele ya shuka jeupe. Ushungi akaniachia, akaurudisha nyuma kidogo uso uonekane wote. Miwani ndiyo aliyonivua.

Kwenye lile swali akaweka "ndiyo", kikafunguka kisanduku cha maelezo, akaandika ukweli kwa sentensi mbili. Kisha akanigeukia: "Dada'angu, hapa wengi ndipo wanapokwama. Sheria yao inakuhesabu mhamiaji mpaka uwaridhishe kwamba utarudi. Na ada hairudishwi." Ada wakati huo ilikuwa dola 185, karibu laki tano za kwetu. Nikalipa huku nikijua.

Nilipanda basi stendi ya Kange, tukapita Segera, Msata mpaka Bagamoyo, nikalala kwa shangazi Tegeta, Dar es Salaam. Asubuhi ubalozini, Msasani. Simu usiende nayo, hairuhusiwi kuingia. Nilibeba leseni ya biashara, TIN na mkataba wa fremu ya duka, vyote kwenye bahasha ya kaki. Bahasha haikufunguliwa. Afisa aliniuliza mume wangu anafanya nini, ameniombea lini, dukani namwachia nani. Dakika tano hazikufika, nikapewa karatasi: kifungu cha 214(b), ile ile sheria aliyoniambia dada.

Nimenyimwa, ndiyo. Lakini kunyimwa kwa kifungu hicho si kufungiwa: wakati ule ningeweza kuomba tena kwa kulipa ada upya, na ombi la mume wangu liliendelea na foleni yake kama kawaida. Ningeingia pale na ile "hapana" ya kijana, sijui leo ningekuwa naandika nini. Kwa hiyo dada wa steshenari nampa nyota nne, na viza sikupata.

Nyota ya tano ameikosa kwa wino. Ule ukurasa wa uthibitisho wenye mistari mistari aliuchapisha umefifia, nami sikuukagua. Shangazi ndiye aliyeugundua usiku, ikabidi alfajiri nihangaike Tegeta nzima kutafuta mahali pa kuchapisha upya, shilingi 2,000 kwa karatasi moja. Ukienda kwake, usitoke dukani kabla hujaushika mkononi ukauangalia.

Goti la mume wangu limepona. Aliuguzwa na mpangaji mwenzake, tena Mchaga, anayempikia mtori mpaka leo.