Uzoefu wangu na seti ya kulishia mtoto wa mbwa aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka

Nilinunua seti hii siku moja baada ya mbwa wangu kuzaa, kwa kuwa mmoja wa watoto wake alikuwa akinyonya kwa bidii huku maziwa yakimtoka puani kwa mapovu. Nilipomfumbua kinywa na kumulika kwa tochi, niliona ufa mwembamba uliokata katikati ya kaakaa hadi nyuma kwenye sehemu laini. Daktari wa mifugo alithibitisha kasoro hiyo, akanieleza kwamba mtoto wa namna hii hawezi kuvuta chuchu ipasavyo, na kwamba njaa si hatari yake pekee, kwani maziwa huweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia.

Seti ina mipira miwili ya kulishia (mirija inayopitishwa kinywani hadi tumboni ili kupeleka maziwa), mabomba ya sindano na chupa yenye chuchu. Mipira ni mizuri kweli: ni laini, ncha zake ni butu, na matundu yako ubavuni. Alama za sentimita, hata hivyo, zilifutika ndani ya wiki moja, ikanibidi niweke yangu kwa wino, nikipima kuanzia ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho. Kipimo hicho hubadilika mtoto anavyokua, hivyo ningelazimika kukirudia kwa vyovyote vile.

Lalamiko langu kubwa ni karatasi ya maelekezo. Inadai kwamba chupa inamfaa kila mtoto dhaifu, jambo ambalo kwa kaakaa lililopasuka ni hatari. Aidha, haisemi kwamba mpira unapaswa kubanwa kwa vidole kabla ya kuchomolewa, ili matone yaliyobaki yasidondokee kwenye koo la hewa. Usiku mmoja mpira uligota kabla ya kufika kwenye alama, ilhali mtoto alikuwa ametulia tuli, wala hakukohoa. Kama daktari asingekuwa amenionya kwamba mtoto wa siku chache anaweza asikohoe hata mpira ukiwa umepotea njia, ningesukuma maziwa. Niliuchomoa, nikaanza upya, mara hii ukateleza hadi mwisho.

Kulisha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kunachosha kuliko ninavyoweza kueleza, ingawa hilo si kosa la mtengenezaji. Mizani ya jikoni ilinifaa kuliko nusu ya vilivyomo kwenye seti, kwa sababu uzito wa kila asubuhi ndio ulionionyesha kama maziwa yanatosha.

Upasuaji ulisubiri hadi alipotimiza miezi minne, wakati nyama ya kaakaa ilikuwa imekua kiasi cha kuvutwa na kushonwa. Mshono ulifunga, isipokuwa kitundu kidogo nyuma ya meno ya mbele, na mpaka leo akinywa maji kwa pupa hupiga chafya. Mipira ningeinunua tena. Chupa niliwaachia ndugu zake.