Bayleaf, Singleton: nyumba ya mwaloni unayoweza kuisoma kiungo kwa kiungo

Anayetaka kuelewa nyumba ya mkulima mwenye uwezo wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, katika karne ya 15 aanzie Bayleaf. Ilikuwa katika kijiji cha Chiddingstone, Kent, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ikafumuliwa boriti moja moja kwa sababu ya ujenzi wa bwawa la Bough Beech, ikasimamishwa upya katika makumbusho ya Weald and Downland, Singleton, West Sussex.

Itazame kwanza kwa nje. Vyumba vya ghorofani, kimoja kila upande, vimechomoza mbele ya kuta za chini. Ukumbi wa katikati umebaki nyuma. Paa la vigae ni moja, na ukingo wake umenyooka. Kwa hiyo mbele ya ukumbi ukingo unaning'inia, ukibebwa na mikono ya mwaloni iliyopinda. Hiyo ndiyo alama ya nyumba za Weald, eneo la kusini-mashariki mwa Uingereza.

Kisha zisogelee nguzo. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, maana ukikauka unakula patasi. Ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba, unaingia kwenye tundu la mbao nyingine na kigingi kinapita katikati, bila gundi wala msumari. Ujanja ni huu: kitobo cha kigingi kwenye ulimi huwekwa milimita chache karibu zaidi na bega, yaani pale ulimi unapoanzia, kisilingane na vitobo vya mbao yenye tundu. Kigingi kikigongwa hujipinda na kuuvuta ulimi ndani, na mvuto huo hushika hata mbao ikinywea. Kigingi chenyewe hupasuliwa kwa kufuata nyuzi. Kilichokatwa kwa msumeno nyuzi zikakwenda mshazari huvunjika hapo hapo.

Katikati ya nguzo kuna fito za mti wa heizeli zilizosukwa kwenye vigongo vya mwaloni, zikakandikwa pande zote mbili kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi, kisha chokaa. Mbao hucheza kidogo, udongo hupata ufa, ufa huzibwa kwa udongo. Wenye nyumba za aina hii waliozipiga plasta ya saruji wamejiletea hasara: saruji haichezi, maji huingia kwenye ufa, hayapati pa kutokea, na boriti ya chini huoza kimyakimya.

Ndani, moto uko sakafuni katikati ya ukumbi, moshi unapanda hadi kwenye mapau ya paa. Inua macho: nguzo fupi imesimama juu ya boriti kuu, imebeba mti mrefu unaozuia mapau yasilaliane kama karata.

Nyumba imepangwa ionekane kama ilivyokuwa karibu mwaka 1540, na upande wa chumba cha juu cha wenye nyumba uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Hapo ndipo nina neno. Dohani na mabadiliko ya baadaye hayakurudishwa, basi mgeni haoni jambo lililozikuta nyumba nyingi za namna hii: ukumbi kuwekewa dohani na ghorofa, masizi ya zamani yakabaki yamefichwa darini. Ni uamuzi unaoeleweka, ila bango linalouonyesha lingestahili kuwekwa mlangoni.

Nenda mchana wenye jua. Madirisha hayana vioo, ni miti iliyosimama na vibao vya kufungia tu, na kukiwa na mawingu maungio ya juu hayaonekani bila tochi.