Soseji za "bila gluteni": kwangu ziko poa, kwa mwanangu na mama hapana

Mi nina siliaki, yaani nikila ngano, shayiri au rai (nafaka inayofanana na ngano) kinga ya mwili inaanza kushambulia utumbo wangu mwenyewe, kwa hiyo soseji za kawaida nilishaachana nazo maana nyingi huchanganywa unga wa ngano au chenga za mkate mkavu ili nyama ishikane na maji na mafuta yasiishie kwenye kikaango. Hizi za ng'ombe nilizichukua sababu mbele ya pakiti wameandika bila gluteni, yaani ile protini ya kwenye nafaka hizo inayonidhuru.

Ladha nzuri aisee. Hazipasuki ukikaanga, hazimomonyoki ukikata, na tumbo langu limetulia kabisa. Kwa viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, chakula cha bila gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo, na wengi wetu wenye siliaki kiasi hicho tunakimudu. Hapo nawapongeza kwa moyo wote.

Sasa geuza pakiti usome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kinachotajwa kwanza ndo kingi, na hapa kuna nyama, maji, protini ya soya, wanga, maziwa ya unga, chumvi, halafu fosfeti (E451). Yaani ngano imetoka lakini kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine, kwa sababu nyama ya kusaga ukishaiongezea maji yote hayo haiwezi kuyashika peke yake, basi soya inanyonya maji na kuongeza wingi ili nyama itumike kidogo, maziwa yanashika mafuta, fosfeti inazuia maji yasitoke. Sawa, kila kimoja kina kazi yake. Ila mwanangu ana aleji ya maziwa, hawezi kugusa. Mama naye ana ugonjwa wa figo, daktari kamwambia apunguze fosforasi, na ile inayoongezwa kiwandani, kama kwenye hiyo fosfeti, mwili unainyonya kirahisi kuliko iliyomo kwenye nyama au kunde zenyewe. Tuko watatu mezani na anayekula ni mimi tu, inaniuma kweli.

Kingine kilichonikera ni hilo neno "wanga" limekaa tupu. Wanga wa nini, viazi, mahindi, ngano? Niliwaandikia wakanijibu haraka kwamba ni wa viazi, nashukuru, lakini si waandike tu kwenye pakiti jamani, mtu ajue akiwa bado dukani.

Na nyie mnaoona baga za mimea ndo salama zaidi, someni nyuma pia. Kampuni hiyohiyo ina baga isiyo na nyama na wameishikanisha kwa gluteni ya ngano pamoja na ute wa yai, kwa hiyo mwenye siliaki haimfai, na asiyekula chochote cha mnyama haimfai vilevile, japo mbele wamechora jani la kijani.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Kama shida yako ni gluteni peke yake nunua bila wasiwasi. Kama ni maziwa, soya au figo ziache, chukua nyama ya kusaga tupu uikande na chumvi kidogo mpaka ianze kunata, protini ya nyama yenyewe inageuka gundi. Mwanangu na mama wanakula hizo.