Kit ya sayansi niliyonunua Kisumu: unga uko sawa, dawa ilikuwa imelala

Nilichukua hii kit kwa duka moja hapa Kisumu town, 1,850, sababu mpwa wangu alikuwa ananisumbua na mambo ya katalisti (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), darasani walisomewa tu hawakufanya. Ndani kuna chupa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, mpira wa kupitisha gesi, silinda ya kupimia, na miwani ya kutosha mtoto wa nasari.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Tulipima dawa, yaani hiyo peroksaidi, mililita 10, tukatia unga, viputo vikatoka vichache kama soda ya jana, gesi ikafika mililita 20 hivi kwa silinda ikanyamaza. Mpwa akaniambia anko ongeza unga. Nikaongeza, wapi!

Hapo ndo iliniingia. Katalisti ni kama kamagera (mpiga debe) wa steji, anajaza gari haraka lakini abiria si wake, na gari ikitoka yeye anabaki kungoja ingine. Oksijeni yote inatoka kwa peroksaidi, unga unaifungulia tu njia rahisi ya kuvunjika iwe maji na oksijeni, so dawa ikiwa imeisha nguvu hata umwage unga wote ni bure.

Shida ni chupa. Ni ile ya kuona ndani, na pale dukani zimepangwa dirishani juani, na peroksaidi huvunjika yenyewe pole pole, mwanga na joto zikiingia ndo inakimbia, ndio maana ya kemisti hukaa kwa chupa ya kahawia. Nikatoa ingine kwa kemisti Kondele, asilimia 3 pia, ambayo mililita moja inafaa kutoa oksijeni kama mililita 10. Dawa mililita 10 zile zile, unga nusu kijiko, silinda ikapanda hadi karibu mililita 100, kijiti kilichokuwa kinafuka tu tukakitia ndani kikawaka tena, ishara kuwa ni oksijeni, aki mtoto alipiga nduru jirani akachungulia.

Unga tulichuja na kitambaa, tukaanika, tumeurudia mara tatu na bado unapiga kazi. Tulijaribu hata kipande cha maini mabichi, povu likafika kwa meza (mama watoto hakufurahi), maini nayo yana katalisti yake ya asili.

Nilirudisha chupa wakasema ikishafunguliwa haibadilishwi. Nyota 3, na zote ni za unga.