Kabla ya Kuongeza Nguvu za Injini: Nini Ununue Kwanza kwa Giaboksi ya Oto, Mombasa

Vijana wengi wa mjini wakipata Forester ya turbo au Mark X hukimbilia ekzosi, chujio la hewa na kompyuta ya injini. Giaboksi haikumbukwi hadi jioni moja inapoanza kuteleza juu ya daraja la Nyali, magari yamefuatana nyuma na honi zinalia. Hapa nimevipanga vitu vinavyouzwa kwa ajili ya kuiimarisha giaboksi ya oto, kuanzia kile ninachokitanguliza mbele ya vyote hadi kile ambacho nisingekupa ruhusa ukitie kwenye gari lako.

Mpangilio huu ni wa Pwani. Mtu wa Nairobi angeupanga vingine, na ana haki. Majira ya kaskazi hewa ya mchana hapa hufika nyuzi 31 hadi 33, na foleni ya Changamwe au ya feri Likoni hulifanya gari lisimame injini ikinguruma, kiyoyozi kimewashwa, bila upepo wowote wa kupita mbele. Halafu kuna jambo linalosahaulika: tuko usawa wa bahari. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na shinikizo la hewa kule ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Injini isiyo na turbo ikiteremka kutoka kule hupata hewa nzito zaidi, na nguvu zake hupanda bila mtu kuigusa. Mzigo huo wa ziada unaangukia giaboksi.

Ndani yake kuna pleti za klachi zinazobanwa kwa presha ya mafuta. Msokoto wa injini ukiishinda presha hiyo, pleti huteleza, mtelezo huzaa joto, joto huharibu mafuta, na mafuta yaliyoharibika huzidisha mtelezo. Konvata, kile kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu za injini kwenye giaboksi, nayo hutoa joto kila unapoondoka kutoka kusimama na kila unapopanda kilima kabla haijajifunga. Kanuni ya miaka mingi ya mafundi wa giaboksi ni kwamba mafuta yakifanya kazi karibu na nyuzi 80 hudumu, na kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka huukata umri wake nusu. Yakivuka 120 huanza kuacha utando mgumu wa kahawia kwenye valvu. Ndiyo maana naweka fedha ya kwanza kwenye kupoza.

Ila kama gari lako tayari linachelewa kushika ukitia D, linapandisha mzunguko bila kwenda, au mafuta yake yamekuwa meusi na yananuka kuungua, usinunue chochote cha kuongeza nguvu. Hiyo ni giaboksi ya kufunguliwa.

Ya kwanza: rejeta ya giaboksi pamoja na geji ya joto

Magari mengi kutoka Japani huja na kipoza mafuta kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta ya maji. Kinatosha kwa gari lililo kama lilivyotoka kiwandani. Ukiongeza nguvu hakitoshi, na kwenye gari la zamani kina hatari nyingine: kikitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye mafuta ya giaboksi na kuibandua gundi ya pleti. Utayaona mafuta yamegeuka rangi ya maziwa ya stroberi, na hapo giaboksi nzima imeshakwenda. Kwa hiyo rejeta ya maji ikiwa kuukuu, badilisha hiyo pia, au upitishe mafuta nje yake kabisa.

Rejeta za giaboksi ni za aina mbili. Ile ya bomba jembamba lililopindwapindwa katikati ya mapezi ni ya bei nafuu na inapoza kiasi. Ile ya mabamba yaliyopangwa juu kwa juu inapoza zaidi kwa ukubwa uleule, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa gari lolote lenye turbo. Nunua yenye rangi ya kinga, kwa sababu hewa ya chumvi inatafuna mapezi ya alumini, hasa kwa wanaolaza magari Nyali, Bamburi na Likoni karibu na ufuo. Klipu za mipira ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mpira wenyewe uwe umeandikwa kuwa ni wa mafuta ya giaboksi. Ule wa petroli hulainika na kuvuja.

Fundi atataka kuifunga mbele ya kondensa ya kiyoyozi kwa kuwa ni rahisi. Hapa kwetu kiyoyozi hakizimwi, na joto la giaboksi likipulizwa kwenye kondensa utalisikia ndani ya gari. Mwombe aifunge pembeni nyuma ya bampa, penye tundu la hewa, ikiwa na feni yake ndogo. Baadhi ya maduka yatakuuzia na themostati ya kuzuia mafuta yasipoe kupita kiasi. Anayekwenda Limuru alfajiri anaihitaji. Wa Mombasa namwambia aiache dukani.

Usinunue rejeta ya giaboksi iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, hata ukipewa bei ya kutupa. Kama giaboksi ya gari lile ilikufa, unga wa chuma umebaki ndani ya mabamba, na hakuna msafisho unaoutoa wote. Utaupeleka wewe mwenyewe kwenye valvu zako.

Geji ya joto ifungwe siku hiyohiyo, kihisio kikiwa kwenye bomba la mafuta yanayotoka giaboksi, mahali penye joto la kweli. Kwenye magari mengi ya karibuni unaweza kuanza na kifaa kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma joto kwenye simu. Kati ya 80 na 95 endesha kwa raha. Ikifika 110 punguza mguu. Ikivuka 120 simama kando, tia P, na uache injini iendelee kuunguruma, maana pampu ya giaboksi huzunguka na injini; ukizima, mafuta hayapiti tena kwenye rejeta.

Ya pili: mafuta sahihi na filta

Hapa maneno ni machache lakini ni mazito. Toyota za zamani zinataka Type T-IV, za baadaye zinataka WS, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Giaboksi za CVT za Nissan (zisizo na gia za hatua, zinazotumia mkanda au mnyororo wa chuma na puli) zina mafuta yake, NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Galoni iliyoandikwa kwamba inafaa kila gari isiingie kwenye giaboksi unayotaka kuibebesha nguvu zaidi. Nunua duka linalotoa risiti, kagua muhuri wa kifuniko na namba ya toleo, kwani mafuta bandia yapo.

Ukifungua nati ya sampu, bakuli la chini ya giaboksi, hutoka karibu nusu tu. Mengine yamekaa ndani ya konvata. Kwa hiyo nunua ya kumwaga mara mbili au tatu, ukiendesha siku chache katikati. Sumaku zilizo chini ya sampu zikiwa na uji laini wa kijivu, ni kawaida. Zikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, rudi kwenye onyo langu la mwanzo.

Ya tatu: seti ya kuimarisha valvu bodi

Valvu bodi ndiyo inayoongoza mafuta kwenda kwenye kila gia. Hii ni seti ya springi, valvu na bamba la kati zinazopandisha presha ya mafuta na kufupisha muda wa gia kubadilika. Pleti hubanwa kwa nguvu zaidi na kuteleza kidogo. Kwa fedha inayotumika, hakuna kitu kingine ndani ya giaboksi kinachosaidia hivi. Inapatikana kwa urahisi kwa giaboksi za zamani za gia nne, kama familia ya A340 ya Toyota, ile iliyowahi kufungwa kwenye Supra ya turbo. Kwa giaboksi za gia tano na sita zinazoongozwa na kompyuta, sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa programu, basi anayeichezea kompyuta ya injini awe anaijua na ya giaboksi.

Mwambie fundi unataka gia iingie imara bila kugonga. Kuna ujanja wa kukata waya wa solenoidi (valvu ya umeme) ya presha ili presha ibaki juu wakati wote. Ukatae. Gia itagonga hata ukiwa mwendo wa tuktuk, na kipigo hicho kinafika kwenye shafti na maunti.

Ya nne: kufungua na kuweka pleti bora

Kwa kipimo changu, ukiongeza nguvu za injini asilimia 10 hadi 15 kwenye giaboksi yenye afya, ya kwanza na ya pili zinatosha. Ukikaribia asilimia 30, ongeza valvu bodi. Zaidi ya hapo lazima ifunguliwe. Raybestos na Alto hutengeneza pleti za kazi nzito, na Transtec seti za sili na gasketi. Uliza kama konvata pia itabadilishwa au kukatwa na kusafishwa. Fundi anayesema si lazima anakurudishia uchafu uleule.

Na hapa unamnunua fundi kuliko pleti. Nenda gereji yake kabla hujampa gari. Tazama kama ana chumba kilichofungwa na meza safi, au anafungua giaboksi nje chini ya mwembe upepo ukileta mchanga. Tazama anafutia nini: nyuzi za kitambaa chakavu zinatosha kukwamisha valvu. Muulize kama huloweka pleti mpya kwenye mafuta kabla ya kuzifunga na kama ana geji ya kupimia presha. Anayejibu kwa utulivu na kukuonyesha, huyo mpe kazi hata akiwa ghali.

Ya tano: konvata ya kuagiza

Inafaa aliyeweka turbo kubwa inayoamka kwa kuchelewa. Konvata inayoruhusu mzunguko wa juu zaidi hutoa joto zaidi, na kwenye foleni ya Kibarani utaliona kwenye geji. Kwa gari la kwenda kazini, pita.

Ya sita: giaboksi iliyotumika kutoka Japani

Wengi huiita suluhisho. Ni ya umri uleule na nguvu zilezile. Inafaa kuokoa gari lililokwama, lakini haijaimarisha kitu. Ukilazimika, inuse mafuta yake, ifunguliwe sampu mbele yako, na kwa Subaru hakikisha uwiano wa gia ya mwisho unalingana na difu ya nyuma, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana hadi kitu kivunjike.

Ya mwisho: chupa za dawa ya giaboksi

Zile zinazoahidi kuponya mtelezo kwa kumiminwa tu. Hulainisha sili zikavimba kwa muda, na ugonjwa unaendelea chini yake. Fedha hiyo ingekununulia klipu na mipira mizuri.

Magari ya kuachwa yalivyo

Mwenye CVT, na humo naihesabu Forester XT ya kuanzia 2012, akomee kwenye mafuta na rejeta. Mnyororo au mkanda wa chuma ukiteleza mara moja chini ya nguvu nyingi huchubua puli, na hakuna seti ya valvu bodi itakayorudisha uso ule. Wenye Volkswagen watazame namba ya giaboksi kabla ya kulipia chochote: DQ250 yenye klachi zinazoogelea kwenye mafuta iliundwa kubeba msokoto wa Nm 350 na hutaka mafuta na filta kila kilomita 60,000, wakati DQ200 ya klachi kavu ina mpaka wa Nm 250 na inateseka kwenye foleni hata bila kuongezewa chochote. Hiyo ya pili usiichezee kabisa. Ukitaka nguvu zaidi, uza gari ununue jingine, halafu rejeta ya giaboksi iwe kitu cha kwanza unachokifunga.