TAHADHARI: Bodi za "Z170" zinazouzwa Nairobi, ndani ni H110

Wadau wa kujenga mashine, kama kuna mtu amekuahidi bodi mama ya Z170 (hilo ni jina la chipseti ya Intel, chipu inayoamua bodi inaweza kufanya nini; H110 ni nduguye wa bei ya chini) kwa bei poa, halafu anataka mkutane pale nje ya Archives, lile jengo la nyaraka za taifa, umlipe kwa M-Pesa, soma hii kabla hujatoka nyumbani.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa katikati ya jiji. Siku hizi wateja wananiletea lalamiko moja: "Fundi, mashine inawaka vizuri lakini inakataa kuovakloki," yaani kuendesha prosesa kwa kasi kuliko ile iliyopangiwa kiwandani. Nikifungua naona mambo yaleyale. Stika ya Z170 imebandikwa juu ya bati la kupozea chipseti. Mashine ikiwaka, skrini inaandika Z170. Ukifungua CPU-Z, programu ya kutambua vifaa vya kompyuta, mstari wa Model nao unasema Z170. Mteja akiona hivyo anatosheka, na mimi simlaumu, maana jina limeandikwa kila mahali anapojua kutazama. Shida ni kwamba jina la bodi ni maandishi tu yaliyohifadhiwa ndani ya BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine), na mtu mwenye programu inayofaa huyabadilisha kama unavyobadilisha jina la faili.

Mtego huu unafanya kazi kwa sababu ya soketi. Intel ilizitoa Z170, H110, B150 na nduguze mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha 6, na zote zinatumia soketi ileile ya prosesa, LGA1151. Core i7-6700K inakaa sawasawa kwenye H110. Windows inaingia, mchezo unacheza, hakuna moshi. Muuzaji anakuonyesha picha ya mashine ikiwa imewaka, na picha yenyewe si ya uongo.

Unakuja kugundua ukianza kuisukuma. Prosesa ya 6700K ina kasi ya msingi ya GHz 4.0, yaani MHz 100 mara kizidishio cha 40, na ikichangamka kizidishio kinafika 42. Kwenye Z170 unaingia BIOS, unaandika 45 au 46, unaongeza volti kidogo, kisha unapima joto. Katika familia ile, Z170 peke yake ndiyo Intel iliyoiruhusu kupandisha kizidishio hicho. H110 haina ruhusa hiyo. Umelipa ziada kwa herufi K, inayomaanisha kizidishio hakijafungwa, na hiyo K haina kazi.

RAM nayo inakufa kifo hichohicho. Kijana mmoja alikuja na RAM ya kasi ya 3200 aliyoinunua kwa pesa nzuri, inakimbia 2133 na hakuna namna ya kuipandisha. Kwa 6700K juu ya H110, huo ndio mwisho. Halafu kuna njia za PCIe, zinazopitisha data kwenda kwenye kadi na SSD: Z170 inatoa njia 20 za kizazi cha 3, H110 inatoa 6 za kizazi cha 2. Ukiweka SSD ya NVMe kwenye nafasi inayotegemea chipseti, utashangaa mbona haifiki kasi iliyoandikwa kwenye boksi, na utaanza kuilaumu SSD bure.

Kinachonikera zaidi ni sehemu ya umeme. Bodi nyingi za H110 zilitengenezwa ziwe za bei ya chini, na saketi zinazoilisha prosesa umeme ni chache, mara nyingi bila bati lolote la kupozea. Hawa wakora wamezibandikia bati jeusi la kung'aa kwa gundi ya kawaida, ili ionekane bodi ya wachezaji michezo. Gundi hiyo haipitishi joto inavyotakiwa, kwa hiyo vipande vya chini vinachemka kuliko vingekuwa wazi vikipigwa na upepo wa feni. Nimeng'oa bati moja kwa kidole.

Ukimpigia muuzaji simu kulalamika, majibu yake ni ya kukariri. Kwanza: "Bosi, apdeti BIOS tu." Usijaribu! BIOS ya Z170 ya kweli haiingii kwenye H110, na ukiilazimisha unaweza kuiua bodi kabisa. Jibu la pili ni la ujanja zaidi: anakwambia zipo H110 zilizokuwa zinaovakloki. Hapo amechukua kipande cha ukweli. Mwisho wa 2015 watengenezaji wachache walitoa BIOS zilizopandisha kasi kwa njia ya saa ya msingi (ile MHz 100) badala ya kizidishio, na mwanzoni mwa 2016 Intel ikabana, BIOS hizo zikaondolewa. Lakini hayo hayageuzi H110 kuwa Z170, na bodi hizi anazouza yeye sijaona hata moja yenye uwezo huo.

Jibu la tatu ndilo linalowaumiza watu. Anakubali urudishe. Ukishamkabidhi, anainua kifuniko cha soketi na kusema, "Umepinda pini, hii sirudishi pesa." Kwenye LGA1151 pini ziko upande wa bodi, nyembamba mno, na huwezi kuthibitisha nani alizipinda. Kwa hiyo siku ya kuipokea piga picha ya soketi ikiwa wazi, mkiwa wote wawili, na picha ionyeshe nambari ya utambulisho ya bodi (serial number). Akikataa kupigwa picha, umeshapata jibu lako.

Sasa jinsi ya kumnasa. CPU-Z inasaidia, ila usisome Model. Kwenye ukurasa uleule wa Mainboard shuka mpaka mstari wa Southbridge. Hapo programu inaiuliza chipu yenyewe, haisomi maandishi ya BIOS. Mstari wa Chipset wala usikusumbue, kwa kizazi hiki utakwambia Skylake tu. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kwenda na flashi yenye Linux, kuiwasha mashine nayo na kuandika amri ya lspci. Itataja chipseti kwa jina. Ukiwa ndani ya Windows, fungua Device Manager, tafuta LPC Controller, tazama Hardware Ids: baada ya VEN_8086, Z170 ni DEV_A145, H110 ni DEV_A143, B150 ni DEV_A148. Andika nambari hizo kwenye simu yako.

Hata bila umeme macho yanaweza kukuokoa. H110 inakubali RAM mbili tu, moja kwa kila chaneli. Ukiona bodi kubwa ya "Z170" yenye nafasi mbili za RAM na milango minne ya SATA, ondoka. Ziko Z170 ndogo za mini-ITX zenye nafasi mbili, lakini hizo ni za mraba wa sentimita 17 na huwezi kuzichanganya na hizi.

Ndiyo maana anapenda Archives. Pale hakuna pa kuchomeka waya. Mwambie mkutane dukani kwa fundi yeyote, Luthuli au Moi Avenue, mahali penye umeme na skrini. Wengi waliojaribu kumwambia hivyo wameona amenyamaza ghafla.

Bodi za AMD, mshindani wa Intel, muuzaji huyu anazo pia, ingawa huko sijaona nyingi. Anauza bodi za chipseti ya A320 kwa jina la B350. Prosesa zote za Ryzen za mwanzo za soketi ya AM4 ziko wazi kuovaklokiwa, lakini A320 haikuruhusu kwa upande wa prosesa, na A520 ya 2020 ni vilevile. Kuhusu zile "X99" za Kichina zenye chipseti za B85 au H81 ndani, mimi siziiti utapeli moja kwa moja. Zinafanya kazi, na chaneli nne za RAM zinatoka kwenye Xeon yenyewe (prosesa ya Intel ya seva), si kwenye chipseti. Shida ni muuzaji asiyekwambia, tena anakuuzia na Xeon E5-2680 v3 akidai utaiovakloki. Xeon za E5-26xx zimefungwa kizidishio.

Kama umeshamlipa leo, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom mara moja kuomba pesa zirudishwe, kabla hajazitoa. Zikishatolewa hilo halisaidii tena, basi nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB (kitabu cha kuandikia matukio), ukiwa na skrinshoti za mazungumzo na ya ule mstari wa Southbridge. Namba yake ipeleke pia 333, laini ya Safaricom ya kuripoti utapeli. Jina linalotokea unapotuma pesa halifanani na lile la kwenye tangazo, kwa hiyo hifadhi yote mawili.

Asubuhi hii ameweka tangazo jipya. Sasa ni "Z270 gaming", jina la chipseti iliyoifuata Z170, bati jekundu, na ukivuta picha karibu unahesabu nafasi mbili za RAM.